Malindi, Wimbi Linapokufikia Miguuni

Nimezaliwa na kukulia Mombasa, na ni aibu kusema, lakini nilitimiza miaka arobaini bila kulijua wimbi. Pwani yetu ya Nyali na Bamburi imekingwa na mwamba. Bahari hupasukia huko nje, kwenye matumbawe, na sisi tulio ufukweni tunaona mstari mweupe tu na kusikia ngurumo ya mbali, kama lori linalopanda mlima usiku. Kinachotufikia ni makombo: viwimbi vya kwenye kifundo cha mguu, vya kuchezea watoto. Nikadhani bahari ndiyo hiyo, basi.

Halafu nikaenda Malindi mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Siku ya kwanza tu, bahari ikanichukua ndala.

Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, na matatu huzimaliza kwa saa mbili na kitu, mradi umeivuka Mtwapa. Asubuhi ile Mtwapa ilitushika kisawasawa. Magari yaliyokuwa yakija mbio kutoka Shanzu, yakiachiana nafasi ya kutosha, yalifika penye foleni yakabanana hadi kondakta wa nyuma yetu akawa anazungumza na wa kwetu dirishani bila kupaza sauti. Foleni hiyo naomba msomaji uiweke akibani, nitaihitaji. Baada ya hapo ni mkonge wa Vipingo, daraja la Kilifi na maji yake ya samawati chini kabisa, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto, Gede, kisha tuktuk za Malindi zinakulaki kwa honi.

Mji wenyewe una vituko vyake. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi hata vijana wa ufukweni wakikuona na kofia ya jua wanakuamkia kwa Kiitaliano kabla ya kukutazama uso, na ukiwajibu Kiswahili wanacheka kwa soni. Mahamri na mbaazi vipo vya kutosha mitaa ya nyuma, na chai ya tangawizi inayokwangua koo. Nilikula, nikateremka kwenye mnara wa Vasco da Gama.

Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498, baada ya kukorofishana na watu wa Mombasa. Sultani wa Malindi alimpokea vyema, akampa rubani, na chini ya mwezi mmoja baadaye alikuwa Calicut. Mnara umesimama kwenye ncha ya mwamba inayoingia baharini, mweupe, na msalaba wa jiwe juu yake. Wageni huupiga picha wakaondoka. Mimi niliupa mgongo, nikakaa kutazama maji.

Pale mnarani hakuna mteremko wa kutajika. Jiwe la matumbawe ya kale limesimama kama ukuta. Wimbi linafika likiwa zima, halivunjiki; linaupanda ukuta, linajaza mashimo, maji yanafyatuka juu kupitia vitundu vya jiwe, kisha yote yanashuka na kurudi yalikotoka. Ukikazia macho utaliona wimbi likirudi, likipishana na lijalo, na yanapokutana maji yanachongoka kama paa la makuti, yanasita, yanazama. Nilikaa pale karibu saa nzima, nikijua tu kwamba hili silo wimbi nililoliona kwenye picha. Wimbi la kwenye picha lina tumbo na kichwa, na linaanguka. Hili halikuanguka.

Kaskazini ya gati ndiko ghuba inapofunguka. Ufuko unapanuka, unalala, mchanga wake wa kahawia una chembe zinazong'aa juani kama unga wa dhahabu, zikakuganda miguuni hadi ukienda kulala unajikuta una vimetameta kama bibi harusi. Hapo hakuna mwamba mbele. Bahari Hindi nzima inakuja yenyewe, mstari nyuma ya mstari, minne mitano kwa mkupuo.

Nilivua ndala nikaziweka palipokuwa pakavu, nikaingia hadi magotini. Yalikuja mawimbi kadhaa ya kawaida, nikayazoea, nikaanza kujiona baharia. Kisha likaja moja lililoyapita mengine. Halikunizidi kimo, ila lilipanda ufuko, likapanda tena, likapita pale nilipoziacha ndala, likazinyanyua zote mbili kwa adabu ya mhudumu wa hoteli na kushuka nazo. Nikarukia, nikaanguka, nikanywa maji.

Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya kivuli cha mashua iliyovutwa juu, anashona wavu. Alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi.

"Usizifuate, mwanangu. Kusi hii. Zitafute kule," akanyoosha kidevu upande wa kaskazini, kwenye mlango wa mto Sabaki. "Zitatangulia kufika."

Nilikuwa nimempita bila kusalimu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti, ukauke."

Nikaketi, na nilichojifunza siku tatu zilizofuata kwa sehemu kubwa kilianzia kwenye kivuli hicho. Mengine niliyakuta vitabuni baadaye, na vitabu havikumkanusha mzee hata mahali pamoja.

Kwanza kabisa, maji hayasafiri. Nje ya mahali mawimbi yalipokuwa yakivunjika kulikuwa na kifuu cha nazi kinaelea, na mzee akaniambia nikitazame. Wimbi likija, kifuu kinapanda, kinasogea mbele kidogo. Likipita, kinashuka na kurudi nyuma, karibu palepale kilipokuwa. Mawimbi ishirini yalipita chini yake. Kinachosafiri ni ule msukumo, na maji yanazunguka duara na kubaki nyumbani. Duara hizo hupungua kadiri unavyozama. Ukifika kina cha nusu ya umbali kati ya mgongo mmoja wa wimbi na wa pili, mzunguko umebaki kama sehemu nne tu kwa mia. Samaki aliye chini ya hapo hana habari kwamba juu kumechafuka.

Msukumo huo unatoka mbali. Mengine huumbwa na kusi yenyewe, inayovuma maelfu ya kilomita bila kizuizi tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Mengine ni marefu zaidi na yanakuja kwa utaratibu, nafasi ya sekunde 14 au zaidi kati ya moja na jingine. Hayo ni watoto wa dhoruba za kusini kabisa mwa dunia, kule kwenye baridi chini ya Afrika. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Marekani Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya namna hiyo kutoka bahari ya kusini hadi Alaska, kituo kwa kituo, na wakathibitisha kwamba yanaweza kuvuka bahari nzima yakapoteza nguvu kidogo tu njiani. Wimbi la sekunde 14 hupeleka nguvu zake kama kilomita 39 kwa saa. Dhoruba iliyo kilomita 5,000 kutoka Malindi hubisha hodi hapa siku ya tano au ya sita, wakati upepo wenyewe umeshakufa huko ulikozaliwa. Lililochukua ndala zangu huenda lilianza safari mimi nikiwa bado kazini Mombasa, Jumatatu.

Sasa turudi Mtwapa. Wimbi la nafasi ya sekunde kumi huko kilindini hukimbia kilomita 56 kwa saa, na kutoka mgongo hadi mgongo ni mita 156. Kina kikipungua kufika mita 78, miguu yake inaanza kugusa chini, na tangu hapo kina kinaanza kuuamua mwendo wake, kidogo kidogo, hadi kwenye maji mafupi ambako kinauamua peke yake. Penye mita nne za maji linakwenda kilomita 22 kwa saa. Penye mita moja na nusu limebaki na kilomita 14, mwendo wa kijana anayekimbia. La mbele likipunguza mwendo, la nyuma linalifikia, na yote yanabanana kama matatu zetu. Idadi inayopita kwa dakika ni ileile. Nafasi ndiyo iliyoliwa. Nguvu iliyokuwa imetandazwa kwenye mita 156 inakamuliwa kwenye mita 60, kisha 40, haina pa kwenda ila juu. Ndiyo maana mawimbi unayoyaona kwa mbali kama makunyanzi ya shuka huinuka karibu na pwani yakawa kuta.

Halafu huanguka. Maji ya kichwani yako juu ya kina kikubwa kidogo kuliko ya miguuni, kwa hiyo kichwa kinakwenda kasi kuliko miguu, na wimbi linafanywa na mchanga kile ambacho mtu hufanywa na kizingiti gizani. Kwenye ufuko uliolala kama huu, wimbi huvunjika kimo chake kikifika karibu robo tatu ya kina cha maji yaliyo chini yake, 0.78 kwa hesabu ya wataalamu. Wimbi la mita moja litavunjikia penye maji ya mita 1.3 hivi, yaani ya kifuani kwa mtu mzima.

"Geuza sasa," mzee aliniambia, ingawa yeye hakutaja namba yoyote. "Wimbi lavunjika pale. Pana maji kiasi gani?"

"Kifuani?"

"Na pale?" Alionyesha weupe uliokuwa ukichanua mbali zaidi, peke yake, katikati ya maji yasiyo na povu. "Hapo ni fungu. Mwaka jana halikuwapo. Mto umelileta."

Nikaanza kuiona ghuba upya. Kila povu lilikuwa linaniambia kuna nini chini yake. Penye weupe mpana, ufuko unapanda taratibu. Weupe ukikatika, kuna shimo. Wimbi likivunjika, likajikusanya tena, likavunjika mara ya pili, basi kuna fungu, kisha bonde, kisha ufuko wenyewe. Mzee alikuwa ameisoma sakafu ya bahari maisha yake yote bila kuishika. Nimesoma baadaye kwamba katika vita vikuu vya pili Waingereza walifanya hivyohivyo kabla ya kushuka Normandy mwaka 1944: ndege zilipiga picha za mawimbi ya pwani iliyokuwa mikononi mwa adui, wakapima kasi yake kwa kulinganisha picha, na kutoka kwenye kasi wakapata kina na mwinamo wa ufuko ambao hawakuweza kuukanyaga. Walikuwa na ndege, na mzee ana kivuli cha mashua.

Kati ya povu mbili kulikuwa na njia ya maji meusi, tulivu, kama mita kumi na tano upana wake. Mtoto wa mjini angesema hapo ndipo salama pa kuogelea. Mzee aliponiona napatazama akatikisa kichwa. Maji yote yanayorushwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na yanarudi kwa kutafuta penye kina. Hiyo njia tulivu ndiyo barabara yao ya kurudi, na mkondo wake humshinda muogeleaji hodari. Hapavunjiki kwa sababu kina ni kirefu, na kwa sababu mkondo ndio unaoendelea kukichimba. Aliyeshikwa humo asipigane nao kuelekea nchi kavu. Aogelee upande, sambamba na ufuko, mpaka afike penye povu, ambako mawimbi yenyewe yatamsukuma hadi ufukweni.

Siku ya pili nilikwenda upande wa pili wa mji, kwenye Hifadhi ya Bahari iliyotengwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Nilitaka kuliona wimbi la kwenye picha. Nahodha alitupeleka ndani ya maji matulivu nyuma ya mwamba, akasimamisha mashua mbali vya kutosha, akakataa katakata kusogea zaidi. Alikuwa na haki. Ukingo wa mwamba unapanda ghafla kutoka kilindini, na wimbi lililozoea mita nyingi za maji linajikuta lina mita mbili. Halipati muda wa kumwagika polepole. Uso wake wa mbele unasimama wima, unakuwa wa kijani kama chupa, unaona mwanga ukipenya juu karibu na kichwa. Kisha kichwa kinatangulia hewani, kinapinda, na kwa kitambo kifupi kuna chumba chini yake, kitupu, kina kivuli. Halafu kinapiga. Mlio wake si wa maji, ni wa hewa iliyofungiwa chumbani ikipasuka kutoka. Tuliusikia kwenye mbao za mashua kabla ya kuusikia masikioni, au ndivyo nilivyohisi mimi niliyeshika ubavu wa chombo kwa mikono miwili.

Nyuma ya hapo, kitu kidogo sana kilibaki. Utafiti uliotolewa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari nyingi, ulikuta kwamba miamba ya matumbawe hula kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya wimbi. Hizo tatu zilizosalia ndizo nilizokua nazo Nyali.

Kwa hiyo mnarani wimbi hupanda na kushuka, mwambani hujipindua, na ghubani humwagika. Mhispania Ramón Iribarren, mhandisi wa bandari, alitoa hesabu ya jambo hili na mwenzake mwaka 1949. Yapimwe mambo mawili tu: ufuko umeinama kiasi gani, na wimbi lenyewe limechongoka kiasi gani kwa urefu wake. Ufuko uliolala na wimbi lililochongoka huzaa povu la kumwagika. Ufuko mkali na wimbi refu lililolala huzaa lile linalopanda bila kuvunjika. Kati ya hayo mawili ndipo wimbi linapojipindua. Pwani nyingi hukupa aina moja, utosheke. Malindi hukupa zote tatu, na mbili kati yake kwa miguu. Kwa hilo pekee ningeisifu, hata kama isingekuwa na halua wala mji wa kale.

Wingi wa mapenzi yangu lakini uko ghubani. Nilikadiria ule mwinamo kwa hatua: ukienda hatua hamsini kuelekea majini umeteremka kimo cha hatua moja. Ndiyo maana maji ya Malindi hayapungui, huondoka. Siku za bamvua bahari ya pwani hii inaweza kushuka mita tatu na zaidi, na kwenye mwinamo wa moja kwa hamsini mita tatu za chini ni mita 150 za kutembea. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Uwanja unaobaki wazi ni mgumu, tambarare, una kioo chembamba cha maji juu yake, na watoto wanacheza mpira wakiakisiwa chini yao, vichwa chini miguu juu.

Wimbi la hapa halina haraka. Linainuka mbali, kichwani kinatokea kitambaa cheupe, kitambaa kinateremka usoni taratibu, na linaendelea kuja likimwagika hivyo mita mia, mia na hamsini, likipungua kila hatua. Wavulana waliokuwa na vipande vya mbao walilisubiri palipo na maji ya kiunoni, wakajitupa mbele yake, likawabeba hadi mchangani matumbo chini. Mmoja alinipa mbao yake. Nilijaribu mara sita; mara ya tano nilibebwa, sitasema umbali gani, na nilipiga kelele nisiyoitegemea kwa umri wangu.

Mwisho wa kila wimbi nilipenda kuutazama nikiwa nimechuchumaa. Maji yanapanda kama ulimi, ukingo wake una povu la vipovu vidogo ambavyo kwenye chumvi hukaa muda kuliko kwenye maji ya kisima. Yanasimama. Kwa nukta moja hayaendi mbele wala nyuma. Kisha mchanga unayanywa kutoka juu, mengine yanarudi, na yanaporudi yanachora michirizi yenye umbo la almasi nyuma ya kila gamba na kila jiwe. Kaa wadogo wanatoka mbio kuokota kilicholetwa, macho yamesimama kama vijiti vya kibiriti. Wanajua wana sekunde ngapi.

Nilimwuliza mzee kuhusu lile wimbi kubwa lililonidhulumu. Alisema mawimbi huja kwa makundi, madogo madogo, kisha makubwa mawili matatu, kisha bahari inapumzika. Sababu si siri. Ghubani hufika zaidi ya safari moja ya mawimbi kwa wakati mmoja, zenye urefu unaokaribiana. Migongo yao ikiangukiana, kimo kinajumlika. Mgongo wa moja ukiangukia bonde la jingine, vinafutana. Jioni niliona elimu hiyo ikitumika. Vijana wawili walitaka kuutoa mtumbwi. Waliusimamisha kwenye maji ya mapajani, omo ikitazama nje, wakaushika kila upande, wakangoja. Walingoja muda mrefu. Makubwa matatu yalipita, mtumbwi ukisimama wima kila mara kama farasi. La tatu lilipovunjika nyuma yao, mkubwa wao akaita mara moja, wakasukuma kwa kukimbia, wakaruka ndani, wakapiga kafi, na kabla kundi jingine halijafika walikuwa wamepita mahali pa kuvunjikia.

Siku ya mwisho nilitembea kaskazini kutafuta ndala. Ni mwendo kama wa saa mbili hadi mlango wa Sabaki ukiwa mvivu. Mawimbi ya kusi hayafiki ufukweni yakiwa yamenyooka. Yanakuja kwa pembe, yanapinda kadiri kina kinavyopungua, kwa kuwa upande uliotangulia kugusa chini hupunguza mwendo na mwingine huzunguka kuufikia, lakini hayapindi yakaisha. Pembe ndogo inabaki, na kwa pembe hiyo kila wimbi linasogeza mchanga hatua moja kaskazini. Ndala nazo ni mizigo kama mingine.

Mto huu ndio sababu ya yote. Huanza huko bara ukiitwa Athi, unakuwa Galana ukipita Tsavo, unafika hapa ukiwa Sabaki na udongo wa nchi nzima mgongoni. Matumbawe hayavumilii tope wala maji baridi ya mto, kwa hiyo mbele ya ghuba hayakujenga ukuta, na pengo hilo ndilo mlango wa mawimbi. Mchanga umerundikana mwaka hata mwaka hadi ufuko ukaenda mbele; kuna nyumba za wageni mjini zilizojengwa ukingoni mwa maji ambazo leo mgeni wake anatembea hasa kabla ya kulowa. Shamba la mtu Ukambani, lililobebwa na mvua, hapa ni uwanja wa mpira. Sijui kama tufurahi au tulie.

Msimu wa kusi tope la mto husukumwa kaskazini, na ghuba ya mji inapata nafuu. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka hulirudisha kusini, maji ya mjini yanakuwa mekundu, na hata hifadhini yanafika. Kwenye mlango wenyewe niliona kitu nisichokitarajia: mawimbi yalikuwa yakivunjika palipo na kina kuliko yalivyostahili. Mto ulikuwa ukitoka, bahari ikiingia, na mkondo unaolipinga wimbi hulibana na kulisimamisha kama vile kina kimepungua. Heroe walisimama kwenye tope pembeni, mguu mmoja mmoja, hawana habari na ugomvi huo.

Mzee alinisimulia pia siku ya tarehe 26 Desemba 2004, na sitaki kuiacha. Alisema maji yalikupwa na kujaa mara kadhaa mchana mmoja, bila kufuata mwezi, na mashua zikagongana kwenye nanga zake. Ile tsunami ilitoka Sumatra, wimbi refu kiasi kwamba Bahari Hindi yote kwake ilikuwa maji ya kifundo; kwa hiyo ilikuwa inagusa chini njia nzima. Ilichukua saa nyingi kufika, watu wakaondolewa ufukweni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Somalia ilipoteza karibu 300.

Mlangoni pa Sabaki, kwenye mstari wa takataka zilizoachwa na maji, nilihesabu ndala saba. Moja ilikuwa yangu, ya kushoto.

Ukipata siku tatu kati ya Juni na Septemba, nenda. Tazama mwezi kwanza, uchague siku za bamvua, ufike ghubani maji yakiwa yamekupwa na ukae mpaka yajae. Msalimu kila mzee unayemkuta anashona wavu. Na kabla ya kuingia majini, tafuta mstari wa mwani uliokauka, ule wa juu kabisa uliochorwa na maji ya jana usiku, uweke viatu vyako juu yake, si chini.